Cheti cha afya cha mkufunzi wa urubani

Mhariri,

Wengi hudhani mkufunzi wa ndege ndogo Marekani sharti awe na cheti cha afya cha daraja la pili, kwa kuwa ana leseni ya urubani wa kibiashara. Sivyo. Analipwa kwa kufundisha, si kwa kubeba abiria, hivyo cheti cha daraja la tatu kinatosha: hudumu miezi 60 akipimwa kabla ya kutimiza miaka 40, miezi 24 baada ya hapo.

Hata asiye na cheti wala BasicMed (utaratibu mbadala wa afya ya marubani Marekani) anaweza kufundisha, mradi mwanafunzi ndiye rubani mkuu kisheria, yaani mwenye dhamana ya ndege. Hapo ndipo wengi huteleza. Mwanafunzi akizibwa macho asione nje, ili ajifunze kuruka kwa kutazama vyombo vya ndege tu, mkufunzi anageuka rubani wa usalama, anayetazama nje kwa niaba yake, na cheti au BasicMed inahitajika papo hapo.

Msomaji wenu