Anayehesabu chupa hajahesabu pombe

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumze na mnywaji wa kawaida: yule anayekwenda kazini kila siku, hajawahi kulala mtaroni, na akisikia neno "mlevi" humfikiria mtu mwingine. Sisi ni wauguzi na washauri nasaha wa watu wenye matatizo ya pombe. Maneno yanayotangulia matatizo hayo hayabadiliki: "Mimi nakunywa bia tu," "Mimi chupa tatu hazinifanyi kitu," "Mimi naacha nikitaka."

Tuanze na hilo la "bia tu". Kinacholevya ni kitu kimoja, ethanoli, iwe imo kwenye bia, mvinyo, pombe kali au pombe iliyopikwa nyumbani. Ini halisomi jina la kinywaji, linapokea gramu. Na kuzijua gramu ni hesabu ya shule ya msingi: chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya kilevi iliyoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8, kwa kuwa mililita moja ya ethanoli ina uzito wa karibu gramu 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 inakupa gramu 20. Glasi ya mvinyo ya mililita 150, asilimia 12.5, gramu 15. Toti ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40, gramu 10 kasoro kidogo. Sasa chukua ile chupa bapa ya mililita 250 ya pombe kali hiyo hiyo, inayoingia mfuko wa koti: gramu 80. Hizo ni bia nne kubwa, na mwenye nayo atakwambia leo amekunywa kachupa kamoja.

Nyumbani kosa huwa kubwa zaidi maana hakuna kipimo. Fanya jaribio hili mara moja tu. Chukua glasi yako ya siku zote, mimina maji mpaka pale unapoishia ukimimina pombe kali, kisha yahamishie kwenye kikombe chenye alama za mililita. Aliyedhani anamimina 30 akakuta 60, "mbili" zake za jana zilikuwa nne. Kosa la pili ni kuongezewa kabla glasi haijaisha. Mwenyeji mkarimu anapita na chupa, anajazia jazia, na ukiulizwa umekunywa ngapi unajibu "moja", na kweli glasi ni ile ile moja tangu uketi.

Baada ya gramu, saa. Ini la mtu mzima mwenye afya huchoma takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na mwendo huo hauongezeki kwa sababu wewe una haraka. Aliyeanza saa 1 jioni akamaliza bia tano kubwa, yaani gramu 100, kwa mwendo wa gramu 8 anahitaji saa 12 na nusu. Kwa hiyo saa 1 asubuhi ameshaoga, amevaa, ameshika usukani, na damuni bado kuna kilevi. Kahawa chungu humfanya mlevi awe mlevi aliye macho, basi. Kuoga maji ya baridi kunamtia baridi. Kujitapisha kunatoa kile tu ambacho bado kimo tumboni. Na kukimbia ili "itoke kwa jasho" ni kujichosha bure, kwa kuwa pumzi, jasho na mkojo kwa pamoja hutoa sehemu isiyozidi moja ya kumi. Iliyobaki yote ni kazi ya ini.

Kula kabla ya kunywa kunasaidia, ila si kwa sababu inayosemwa. Chakula hakiinyonyi pombe wala maziwa hayapaki tumbo rangi. Kinachotokea ni kwamba tumbo lenye chakula linachelewa kusukuma kilicho ndani yake kwenda utumbo mwembamba, ambako kilevi hunyonywa upesi, kwa hiyo kilevi kinapanda polepole na kilele chake kinakuwa chini. Gramu ni zile zile na ini litazilipa zote. Kuna watu chakula huwaponza kabisa: kwa kuwa hawasikii stimu mapema, wanaagiza nyingine.

Sifa ya "kichwa kigumu" ndiyo inayotuumiza zaidi, maana watu hupigiwa makofi kwa ajili yake. Anayekunywa sana bila kuyumba ana ubongo uliozoea. Umejirekebisha ili ufanye kazi ukiwa ndani ya pombe, na ini lake limejifunza kuichoma haraka kidogo. Lakini madhara kwa ini, moyo na shinikizo la damu hayafuati kuyumba, yanafuata gramu. Aliyelewa kwa bia mbili akaenda kulala amepata gramu 40. Bingwa aliyekaa wima mpaka wa mwisho amepata 160. Tena ini lenyewe ndani halina mishipa ya kuhisi maumivu. Laweza kujaa mafuta, likapata makovu, mwenyewe akawa anajisifu ana afya, mpaka siku macho yanapogeuka manjano au tumbo linapojaa maji. Kwa wanawake hesabu ni kali zaidi: kwa wastani wana maji machache mwilini na kimeng'enya kidogo cha kuvunja pombe tumboni, kwa hiyo gramu zile zile hutoa kiwango cha juu zaidi kwenye damu.

Kuzimua, yaani kunywa tena asubuhi ili kuondoa hangova, nako kuna siri yake. Watu huapa kwamba kunafanya kazi, na kwa saa chache ni kweli. Sehemu ya mateso ya asubuhi ni mishipa ya fahamu iliyokuwa imekandamizwa na pombe usiku kucha sasa kurudi juu kwa kishindo. Ukiipa pombe tena, inatulia. Deni limesogezwa mchana na riba imeongezeka. Anayezimua kila wikendi amekwisha kuufundisha mwili kwamba dawa ya pombe ni pombe. Akimeza parasetamoli kwa ajili ya kichwa, ajue kwamba kwa mnywaji wa kila siku ini hubadili sehemu kubwa zaidi ya dawa hiyo kuwa sumu; asivuke kipimo, na kama anakunywa sana amuulize mfamasia kwanza. Asipirini na aibuprofeni nazo hukwaruza tumbo ambalo pombe imeshalikwaruza.

Yapo mengine tutayapitia haraka. Bia haisafishi figo. Ethanoli huzuia homoni inayoamuru figo zirudishe maji mwilini, ndiyo maana mkojo unatoka mwingi na asubuhi una kiu. Zaidi ya hapo, bia hupandisha asidi ya yuriki, ile inayoleta jongo na kuvimbisha kidole gumba cha mguu usiku wa manane. Pombe haipashi mwili joto: hupanua mishipa ya ngozi, unahisi moto huku joto la ndani linatoroka. Haileti usingizi mzuri pia. Inakuzimisha upesi, halafu nusu ya pili ya usiku unaamka amka, na wengi hudhani ni mawazo. Na mvinyo mwekundu kwa ajili ya moyo? Tafiti nyingi za zamani ziliwaweka kwenye kundi moja wasiokunywa kabisa na watu walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, ndipo mnywaji wa kiasi akaonekana ana afya kuliko wote. Wakati huo huo tangu 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka pombe katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, ikiwemo ya mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na titi. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani likasema wazi kwamba hakuna kiwango kisicho na hatari kwa afya. Nchi kama Uingereza huwashauri wanywaji wasizidi gramu 112 kwa wiki, zigawanywe siku tatu au zaidi. Hicho ni kiwango cha kupunguza hatari, tena ni bia kubwa tano na nusu kwa wiki nzima. Wapo wanaozimaliza Ijumaa.

Jambo moja hatutalipitia haraka. "Mwache alale, itamtoka" ni sentensi inayoua. Kilevi huendelea kupanda kwenye damu hata baada ya glasi ya mwisho, kwa sababu kilichoko tumboni bado kinashuka utumboni. Aliyezimika mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke nje asipaliwe, na mtu akae naye. Hesabu pumzi: zikiwa chini ya 8 kwa dakika, au kukiwa na kimya cha sekunde 10 kati ya pumzi na pumzi, au ngozi ikiwa baridi na midomo ya bluu, au haamki ukimfinya, hiyo ni dharura ya hospitali. Na aliyekunywa pombe kali isiyojulikana ilikotoka, akaamka kesho yake akiona ukungu, hiyo si hangova. Ni methanoli, ndugu wa ethanoli aliye sumu. Dalili zake hukawia hata siku nzima, hasa ikichanganyika na ethanoli, kwa kuwa ini hushughulika na ethanoli kwanza. Ule mtindo wa kuiwasha kiberiti ili kuona kama moto ni wa bluu haupimi chochote. Methanoli nayo huwaka bluu.

Anayetaka kutazama upya unywaji wake asianze na kiapo. Aanze na daftari, wiki mbili, bila kubadili kitu. Kila kinywaji kiandikwe kabla ya kunywewa, maana cha kuandikwa kesho kitasahauliwa: saa, ujazo, asilimia, uko na nani, na ulikuwa unajisikiaje. Safu ya mwisho ndiyo yenye habari. Wengi hugundua kwamba gramu zao nyingi hazitoki kwenye sherehe bali kwenye saa moja fulani, kwa mfano ile ya kati ya kutoka kazini na kufika nyumbani. Ukiipata saa yako, ibadilishe hiyo kwanza: kata kiu kwa maji kabla ya kinywaji cha kwanza, pita njia nyingine, panga idadi kabla hujaketi. Jitoe kwenye mizunguko ya kununuliana, kwani humo kasi yako inaamuliwa na anayekunywa haraka kuliko wote mezani. Weka siku kavu zinazojulikana kwa majina, si "siku mbili tatu hivi". Ukikataa, kataa kwa neno moja. Maelezo marefu ni mwaliko wa kubembelezwa.

Jiulize pia maswali haya manne, yanayotumika duniani kote: umewahi kuona kwamba unapaswa kupunguza? Watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema kuhusu kunywa kwako? Umewahi kujisikia vibaya au na hatia kwa sababu ya pombe? Umewahi kunywa asubuhi ili utulize mikono au uondoe hangova? "Ndiyo" mbili ni sababu ya kuonana na mtaalamu. Kasoro ya maswali haya ni kwamba huwakamata walioshafika mbali. Anayeanza kuzidisha anaweza kujibu "hapana" mara nne, na ndiyo sababu tumesisitiza daftari.

Sasa onyo kwa anayekunywa sana kila siku: usiache ghafla peke yako. Tunalisema kinyume cha mahubiri mengi, tena kwa makusudi. Ubongo uliozoea, ukinyang'anywa pombe, huruka kama springi. Mikono hutetemeka na jasho kutoka ndani ya saa 6 hadi 12. Kifafa huja zaidi katika siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne yaweza kuja hali ya kuchanganyikiwa, homa, maruweruwe na moyo kwenda mbio, nayo isipotibiwa huua. Arosto hiyo ina dawa hospitalini, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo, ambayo inapaswa kutangulia dripu ya sukari. Asiyeweza kufika haraka ashushe kiwango chake cha kila siku kwa asilimia 10, akae hapo siku 4, kisha ashushe tena. Mtetemeko ukimzidi, arudi kiwango cha juu yake mpaka amwone mhudumu. Atakapofika kituoni ataulizwa anakunywa nini, kiasi gani, na ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Dozi inapangwa kwa majibu hayo, kwa hiyo aende na daftari lake, na asifiche hata toti moja kwa aibu.

Wauguzi na washauri nasaha wa huduma za uraibu