KUH: Malalamiko kuhusu pistoni za fojidi mlizofunga kwenye Forester yangu

Nakuru

Kwa Meneja wa Karakana,
Nairobi.

Bwana Meneja,

Nakuandikia kuhusu injini ya Forester yangu ya tabo, ile EJ205 ya lita mbili ambayo karakana yenu iliifungua na kuiunda upya mwezi Januari. Nililipa shilingi 268,000 na risiti zote ninazo. Baada ya kilomita 2,300 tu imebidi ifunguliwe tena, safari hii na fundi wa hapa Nakuru.

Nianze na chanzo, kwa sababu kwenye simu hamkutaka kukizungumzia. Mwaka jana mlinifungia ekzosi pana na mkapandisha busti, yaani shinikizo la hewa ambayo tabo husukuma ndani ya injini, hadi baa 1.2. Nilimwuliza fundi wenu kama kompyuta ya gari haitahitaji kupangwa upya ili iongeze mafuta. Akaniambia itajirekebisha yenyewe. Miezi minne baadaye, nikipanda kutoka Mai Mahiu na familia ndani ya gari, nikasikia mlio kama misumari inatikiswa ndani ya mkebe, kisha moshi wa buluu nyuma. Mlipoifungua mlinionyesha pistoni ya nne. Ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili ulikuwa umemeguka, kipande cha ukubwa wa ukucha.

Hapo mkaniambia pistoni za kiwandani ndizo zilizoniangusha, dawa ni za fojidi, yaani zilizofuliwa kwa kugandamizwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu. Sikatai kwamba fojidi ni imara zaidi. Pistoni ya kumiminwa kwenye kalibu ni ngumu lakini huvunjika kama kigae mafuta yakilipuka kabla ya wakati, na ya kufuliwa huvumilia vipigo kadhaa bila kumeguka. Lakini ni nini kilicholeta vipigo vile? Ni hewa nyingi iliyosukumwa ndani bila mafuta ya kutosha, na hiyo ilikuwa kazi yenu. Mngeniambia, "Bwana, tulikosea kwenye tyuni, yaani kupanga kompyuta ya injini, turudishe busti ilivyokuwa na tufunge pistoni za kiwandani," ningelipa sehemu yangu na tungemalizana. Badala yake mliniuzia pistoni na konrodi (mikono inayoshika pistoni) za bei, tatizo la mafuta mkaliacha palepale. Kwenye risiti hakuna hata mstari mmoja wa tyuni.

Hakuna aliyeniuliza gari nalitumia vipi. Kijana wa mapokezi alinisimulia jinsi dereva wa rali Colin McRae alivyoshinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza. Nampenda McRae kama Mkenya yeyote aliyesimama kando ya barabara akila vumbi la rali. Ila injini ya rali hufunguliwa na kupimwa kila mara, na ina kikosi kizima cha mafundi nyuma yake. Yangu hupeleka watoto shule asubuhi injini ikiwa bado baridi, na mwisho wa mwezi huenda Nairobi na kurudi. Anayetaka nguvu za farasi 400 afunge fojidi. Mimi sikuwahi kuomba hata farasi 300.

Sasa nije kwenye kosa kubwa zaidi. Pistoni mlizofunga ni za aloi ya 2618, imeandikwa kwenye boksi mliloniachia kwenye buti. Aloi hiyo karibu haina silikoni, kwa hiyo ikipata moto huvimba kuliko pistoni ya kiwandani. Ndiyo maana lazima iachiwe nafasi kubwa zaidi kati yake na ukuta wa silinda. Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi inataka milimita 0.08, unene wa unywele hivi. Fundi wa mashine hapa Nakuru amepima silinda zote nne mbele yangu kwa maikromita na geji, mahali ambapo hapajakwaruzwa. Amepata 0.03. Maana yake mlihoni bloku (mlisugua kuta za silinda) kwa kipimo cha pistoni za zamani, mkasukumiza hizi mpya ndani.

Nilizishika kwa mikono yangu. Sketi (kuta za chini) za pistoni ya pili na ya nne zimechubuka mistari ya wima, mirefu, ukipitisha kucha inanasa. Kwenye silinda kuna mistari hiyohiyo. Na kuna jambo linaloniuma kila nikilikumbuka: asubuhi ile ya kwanza baada ya kuchukua gari, injini iliwaka kimya kabisa, nami nikawapigia simu kuwashukuru. Nimeelezwa sasa kwamba pistoni za 2618 zikiwa na nafasi yake hugongagonga kidogo injini ikiwa baridi, kisha hunyamaza zikishapata joto. Ukimya ule ulikuwa dalili ya ubaya. Fundi wenu aliyepokea simu alipaswa kulijua hilo, lakini alinijibu, "Karibu tena."

Ninachodai ni hiki. Nipeni karatasi ya vipimo vya silinda mlivyochukua mwezi Januari. Kama hamkupima, niandikieni hivyo. Nirudishieni pesa zote za pistoni, konrodi na kazi. Bloku hii ichongwe na kufungwa pistoni za kiwandani za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za awali) kwa gharama yenu, kwenye karakana ya mashine nitakayochagua mimi, na kabla sijaondoka na gari busti irudishwe ilivyotoka kiwandani na mafuta yapimwe gari likiwa na mzigo. Konrodi zenu mnaweza kuzichukua, sizihitaji.

Nimeambatisha picha za pistoni zote nne, vipimo vya fundi wa hapa vikiwa na sahihi na muhuri wake, na nakala za risiti. Pistoni zenyewe ninazo nyumbani, zimefungwa kwa kitambaa chenye oili ili zisibadilike. Mkitaka kuja kuzipima wenyewe, mlango uko wazi siku yoyote.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Lisipofika, nitawasilisha dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo hapa Nakuru.

Wako,
Mteja, mwenye Forester ya buluu