Risala ya Askari wa Zamani na Familia Zao kwa Mgeni wa Heshima, Katuba, Lubumbashi

Mheshimiwa Jenerali, mgeni wetu wa heshima,
Bwana Burugumesta, Bwana Prefe na walimu wa shule hii iliyotupokea,
Wazee wetu mliovaa leo breve zenu, alama za kifuani za waliofuzu mafunzo, mama wajane, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa sita,

Karibuni sana Katuba. Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha kazi nyingi za jeshi na kuja kuketi nasi. Chama chetu kinawaunganisha mapara, yaani askari wa miavuli, na makomando wa zamani wanaoishi Lubumbashi, pamoja na wake na watoto wa wale waliotangulia mbele ya haki. Shule hii imetuita kwa sababu vijana kadhaa wanaomaliza masomo wanataka kuingia jeshini, na wengi wao wanapenda kwanza ile alama ya kifuani kabla ya kuijua kazi yake. Tumeona vema wasikie kutoka kwa wazee namna ilivyopatikana.

Wazee wetu wa komando walipita Kotakoli, kituo cha mafunzo ya makomando katika msitu wa Nord-Ubangi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Mtoto wa Katanga aliyekulia kwenye nyasi na vichuguu alijikuta mahali ambapo jua halifiki chini na nguo hazikauki. Mzee wetu mmoja, aliyeketi safu ya mbele, anasema kilichomshinda siku za kwanza si njaa wala matusi ya wakufunzi, ni miguu. Walitembea usiku kucha na mzigo mgongoni na silaha mkononi, ndani ya viatu vilivyojaa maji. Alfajiri alipovua soksi, ngozi ya kisigino ilitoka nayo. Mkufunzi alitazama, akamwambia avae viatu, safari bado. Akavaa. Baadaye ikaja kamba iliyofungwa juu ya mto, na yeye hakujua kuogelea. Alivuka akiwa amelala kifudifudi juu ya kamba, mguu mmoja umekunjwa juu yake, mwingine unaning'inia ili mwili usipinduke. Mwenzake aliyekuwa ameshavuka aligeuka akamwita kwa jina mpaka akafika ng'ambo. Majina ya makamanda wake mengine yamemtoka, la mwenzake huyo hajalisahau. Na ingawa jeshini lugha ilikuwa Kilingala, yule mwenzake wa mkoa wa Équateur alikuwa amejifunza maneno machache ya Kiswahili, na ndiyo aliyomwitia siku ile.

Mapara nao walifundishwa Ndjili, Kinshasa, kwenye kituo cha askari wa miavuli. Kazi hiyo ilianza kwa msaada wa Israeli, na Mobutu mwenyewe, akiwa mkuu wa jeshi, alikwenda huko mwaka 1963 kujifunza kuruka. Vijana, msidhani wanaanza na ndege. Wanaanza chini, kwenye mchanga: kuanguka miguu ikiwa pamoja, magoti yamelegezwa kidogo, mwili unabingirika kwa ubavu. Wanarudia hayo mpaka mwili uyafanye wenyewe, maana angani hakuna nafasi ya kufikiri. Kisha mnara. Kisha ndege. Ndani yake kila mmoja anafunga ndoano ya kamba yake kwenye waya, anakagua mwavuli wa aliye mbele, na aliye nyuma anakagua wa kwake. Taa nyekundu inawaka, mlango uko wazi, upepo unapiga usoni. Taa ya kijani, unatoka. Unahesabu, halafu unainua macho kuona kama mwavuli umefunguka. Mzee anayetueleza habari hizi anasema mara ya kwanza hakuogopa, kwa kuwa hakujua. Hofu ilikuja mara ya pili, na akaruka nayo hivyo hivyo. Ndipo breve ilipobandikwa kifuani, na hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwapo kuiona.

Mheshimiwa Jenerali, hapa ndipo penye neno tulilokuja nalo.

Dunia inakumbuka kwamba tarehe 19 Mei 1978 askari wa Legioni ya Ufaransa waliruka Kolwezi, mji wa migodi uliokuwa umetekwa na waasi wa Katanga waliotoka Angola. Wamepewa heshima yao, nasi hatuwanyimi. Lakini siku tatu kabla yao, tarehe 16 Mei, kampuni ya mapara wa Zaire ilikuwa imeruka juu ya mji huo huo, ikaangukia mikononi mwa adui, na wengi hawakurudi. Kikosi kingine cha mapara, kilichoongozwa na Meja Mahele, kilikwenda kwa barabara na kuushika uwanja wa ndege kabla Wafaransa hawajafika. Kolwezi si mbali na hapa, na katika familia zetu za Katanga wako pia waliokuwa na ndugu upande wa pili wa vita vile. Hatuji kufungua kidonda hicho. Tunachosema ni kwamba wale vijana walioruka siku ile walikuwa na breve vifuani, na wajane wao wakiulizwa karatasi, hawana.

Mama mmoja aliye hapa amekuja na breve ya marehemu mume wake. Ameitunza ndani ya kopo la maziwa ya unga, imefungwa kwa kitambaa, na kila mwaka anaisugua kwa majivu. Nyumba yao iliporwa wakati wa vita, hati zote zikapotea, ikabaki hiyo. Alipoipeleka ofisini kufuatilia haki ya mjane, karani aliigeuza mkononi akamwambia kipande cha chuma hakithibitishi kitu, hata sokoni kinauzwa. Ilimuuma sana, na sisi imetuuma. Na kweli sokoni zinauzwa! Tunakuomba jambo hilo likomeshwe.

Ombi letu kubwa ni kwamba majina ya waliopata breve Kotakoli na Ndjili yatafutwe katika madaftari ya jeshi na yaandikwe upya. Pale ambapo daftari limepotea, wazee walio hai wasikilizwe. Bado wanakumbuka nani alikuwa nani, lakini kila msimu wa mvua tunazika.

Lingine ni zito, na wazee wenyewe ndio waliotaka lisomwe mbele ya wanafunzi. Novemba 2012, baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, askari wetu waliokuwa wakirudi nyuma waliwatendea unyama wanawake wa Minova, mji mdogo karibu na Goma. Miongoni mwa vikosi vilivyotajwa na Umoja wa Mataifa kilikuwamo kikosi cha makomando kilichofundishwa na Wamarekani Kisangani mwaka 2010. Walikuwa wamejua kutembea na kupiga shabaha. Wazee wetu wanaomba mwenendo wa askari kwa raia uwe sehemu ya mtihani, kama mbio na silaha, na anayemdhulumu raia avuliwe breve mbele ya kikosi kizima, pamoja na hukumu ya mahakama. Kijana wa hapa anayemsifu marehemu Kanali Mamadou Ndala, aliyeongoza makomando dhidi ya M23, amsifu pia kwa namna watu wa Goma walivyomkimbilia barabarani bila kumwogopa.

Mheshimiwa, tumeandika katika daftari moja majina yote tuliyoweza kukusanya, pamoja na mwaka wa mafunzo na jina la shahidi mmoja aliye hai. Mama tuliyemtaja ndiye atakayekukabidhi. Tunaomba ulipokee na kulitia sahihi leo, nakala moja ibaki kwa Bwana Prefe, na utuambie ni ofisi gani tuifuatilie na lini.

Asante kwa kutusikiliza. Sasa tunamwomba Mama asogee mbele.

Ni sisi, wanachama na familia zao.