Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mjini Magharibi: muziki ukishazimwa Ngome Kongwe

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa Tanga, naishi Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa Februari ikifika napanda boti kuja Unguja kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha la muziki linalofanyika Ngome Kongwe. Silali hoteli ya ufukweni. Nafikia nyumba ya wageni Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, chumba cha juu, choo cha pamoja. Nalisema hili mapema kwa sababu kila usalama wa watalii unapozungumzwa, naona anayefikiriwa ni mgeni wa Ulaya anayeletwa na kurudishwa na gari la hoteli. Tuko wengine tunaorudi kwa miguu.

Mwaka juzi, usiku wa Jumamosi, tulitoka Ngome Kongwe mimi na shangazi yangu, masikio bado yanavuma. Forodhani kulikuwa kweupe: taa, moshi wa mishikaki, watoto wanajirusha baharini kama mchana. Tukaingia mtaa wa Gizenga. Maduka ya vinyago yamefungwa, na baada ya kona ya pili giza totoro. Nikatoa simu niwashe tochi. Ikaja Vespa kwa nyuma, taa imezimwa, na mkono ukaichomoa simu kiganjani mwangu kama mtu anayechuma embe. Yaani kilichoniponza ni kutafuta mwanga.

Shangazi hakupoteza kitu. Pesa zake zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la kanga tangu Dar, noti ndogo ndogo za kutunza waimbaji, maana yeye taarabu bila kutunza haiiti taarabu. Simu yake ya vitufe aliiacha chumbani. Nilimcheka mchana, usiku alinirudishia cheko langu lote, na faida juu.

Kituo nilichokwenda sikitaji, na askari wa zamu alikuwa na adabu. Lakini aliniambia nirudi asubuhi na risiti ya simu. Risiti ilikuwa Dar, kabatini, na boti yangu ilikuwa inaondoka saa moja asubuhi. Nikaondoka bila RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Hapo ndipo palipo na tundu, Mheshimiwa. Mgeni ni mlalamikaji anayeondoka kesho, na wezi wa mjini wanaijua ratiba ya boti kuliko abiria wenyewe. Kesi isiyoandikwa haihesabiwi, na nadhani ndiyo maana mnaambiwa hali ni shwari.

Ombi langu la kwanza ni dogo. Siku za tamasha wekeni meza moja pale mlango wa Ngome Kongwe, akae askari mwenye kitabu, aandike maelezo na kutoa RB usiku ule ule. Risiti itafuata kwa simu.

La pili ni taa, na hapa nitakaa kidogo. Mara yangu ya kwanza kulala Mkunazini, njia ile ile haikuwa na taa nyingi kuliko sasa, lakini sikuogopa. Barazani walikaa wazee na dhumna yao, muuza kahawa akigonganisha vikombe, na kila mgeni aliyepita aliulizwa, "Mwanangu, unakwenda kwa nani?" Ukipotea, na Mji Mkongwe hakuna asiyepotea, mtoto anatumwa akupeleke hadi mlangoni. Leo nyumba yenye baraza ile ni hoteli. Mlinzi yupo, lakini macho yake yako kwenye mlango wa tajiri wake. Usiku ule wa simu, kwa makelele yote niliyopiga, hakuinuka kitini. Sidhani kama ni mtu mbaya. Hakuajiriwa kwa ajili ya kichochoro.

Tangu UNESCO iuingize mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2000, tumezoea kuhesabu milango ya nakshi na kuta za mawe na chokaa. Wanaokaa barazani nao wahesabiwe. Kila nyumba inayogeuzwa ya wageni, mwenye leseni awajibike kuwasha taa upande wa njia hadi alfajiri, na mlinzi wake ajulikane kwa sheha wa shehia ile. Masheha wanaijua mitaa yao. Waulizwe wapi pana giza.

Kuhusu papasi, wale vijana wanaowaongoza wageni mitaani, sina mengi. Wengine wamenibebea mzigo kutoka bandarini Malindi na kuniambia bei ya haki. Wenye vitambulisho vya Kamisheni ya Utalii wanajulikana. Anayenitia wasiwasi ni yule anayekuotea saa saba usiku akisema hoteli yako anaijua, kumbe hata jina lake hujamtajia. Vibao vya majina ya mitaa, vikubwa na vinavyosomeka usiku, vingempunguzia kazi.

Siombi haya kwa kuchukia Unguja. Ni mji wenye kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa tangu 1905, mji uliompokea mwimbaji Siti binti Saad akitoka Fumba na vyungu vyake kichwani hadi sauti yake ikarekodiwa Bombay mwaka 1928. Siku nyingine husimama tu nje ya klabu ya taarabu ya Culture pale Vuga, nisikie fidla zinavyotafutana kabla mwimbaji hajaanza. Na Busara lenyewe, lililoanza 2004, lilishindwa kufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Tuliobaki nyumbani mwaka ule tunajua Februari isiyo na safari inavyokuwa.

Nitakuja tena, inshallah, na shangazi ameshanunua tochi ya betri, kubwa kama chupa ya chai. Kabla hatujafika nakuomba usiku mmoja, Mheshimiwa, muziki ukishazimwa: acha gari na msafara Forodhani, simu iwe mfukoni, upite Gizenga kwa miguu mpaka Mkunazini.

Wako,
Mgeni wa chumba cha juu, Mkunazini