Si kila kovu la gololi ni uharibifu

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuwasihi wanaouza na kukusanya gololi za kioo: acheni kuita kila alama "imevunjika".

Katika mashine, kioo kilichoyeyuka hukatwa na mkasi wa chuma kuwa madonge, kisha kila donge hubiringishwa kwenye roli zenye mifuo hadi liwe duara. Mkasi ulipopita hubaki mstari au mkunjo mdogo, hasa kioo kikiwa kimeanza kupoa. Kiputo cha hewa kikipasukia juu huacha kishimo. Hizo ni alama za kuzaliwa. Kingo zake ni laini kwa kuwa kioo kilikuwa bado cha moto.

Pigo la baadaye ni jambo jingine kabisa. Pitisha ukucha: palipobanduka pana kingo kali zinazokwaruza. Kisha igeuze gololi polepole chini ya taa, ukitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ufa wenye umbo la mwezi mwandamo utametameta ghafla, kisha upotee. Huo ni wa kugongwa. Na wauzaji, tafadhali, msiupake mafuta; huufunika kwa muda tu, na mnunuzi atauona akishaiosha.

Wakusanyaji wa gololi