Umeambiwa una pumu, usiiache inhela ya kahawia ukishapata nafuu

Wiki iliyopita jioni alikuja mama mmoja mteja wetu wa siku nyingi, anachoma vitumbua hapo barabarani, akasema dokta nipe ile ya bluu tena. Nikafungua daftari nikakuta ni chupa ya tatu ndani ya miezi miwili, na chupa moja ina mivuto 200, sasa piga hesabu, ni kama mara kumi kwa siku kila siku. Nikamuuliza mama, ile ya kahawia aliyokuandikia daktari iko wapi? Akasema ipo kabatini, niliiacha maana nilishapona.

Hilo neno "nilishapona" ndio limenifanya niandike leo, maana kwenye famasi yetu hapa Mbagala tunalisikia karibu kila wiki kutoka kwa watu walioambiwa juzijuzi tu kwamba wana pumu.

Iko hivi. Mwenye pumu njia zake za hewa huwa zimevimba kwa ndani, na uvimbe unaweza kuwepo hata siku ambayo hukohoi na kifua hakipigi mluzi. Ile ya bluu, kwenye boksi imeandikwa salbutamol, inalegeza misuli iliyokaza, dakika chache unapumua, lakini inadumu masaa manne mpaka sita hivi na uvimbe haiugusi kabisa. Ya kahawia, mara nyingi ni beclometasone au budesonide, ndio inatuliza uvimbe wenyewe, ila inafanya kimyakimya, unavuta leo husikii chochote, inataka siku kadhaa mpaka wiki kadhaa ndio uone tofauti, kwa hiyo mtu anaona haifanyi kazi anaitupa kabatini, au akishapata nafuu anadhani amepona kumbe nafuu yenyewe ndio hiyo dawa. (Rangi zinaweza kutofautiana kwa kampuni na kampuni, soma jina.)

Na hili sio la kwetu tu. GINA, wataalamu wa dunia wanaotoa mwongozo wa pumu, tangu 2019 wanasema mtu mzima na kijana wa kuanzia miaka 12 asitibiwe kwa salbutamol peke yake. Wanasema pia ukimaliza chupa tatu au zaidi za hiyo ya bluu kwa mwaka uko kwenye hatari zaidi ya kubanwa vibaya, na zikifika 12 hatari ya kufa inapanda. Kwa mwaka jamani, yule mama kamaliza tatu kwa miezi miwili. Ndio maana ukija mara ya pili ndani ya muda mfupi tutakuuliza maswali, usituone tunakusumbua.

Wengine wanaogopa, wanasema ukianza inhela huachi, mwili unazoea, bora vidonge. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kidonge kimoja cha prednisolone, ndio hivyo vidonge vya kutuliza uvimbe, cha miligramu 5 ni sawa na mikrogramu 5,000, inapita tumboni inaenda mwili mzima, na ukitumia muda mrefu inapandisha sukari na kulegeza mifupa. Mvuto mmoja wa beclometasone ya kawaida ni mikrogramu 100. Dawa sio ileile ila ni za ukoo mmoja, na hii inaenda palepale panapouma. Inhela haileti uteja, kinachorudi ukiiacha ni pumu yako.

Tukarudi kwa mama, nikamwambia hebu vuta nikuone. Akabonyeza, wingu jeupe likatokea mdomoni kama mvuke wa chai, yaani dawa yote imeishia hewani na kwenye ulimi. Ukiona hilo wingu ujue hujavuta kitu. Tikisa kwanza, toa pumzi yote nje, bana midomo vizuri, anza kuvuta taratibu huku unabonyeza, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, halafu zuia pumzi kama sekunde kumi. Mvuto wa pili subiri nusu dakika hivi. Ukimaliza ile ya kahawia sukutua uteme, usipofanya hivyo unaweza kupata fangasi mdomoni au sauti kukauka. Mimi nashauri uiweke pamoja na mswaki, asubuhi na jioni ukiswaki unaikuta hapo hapo na kusukutua unasukutua tu.

Kwa watoto tumia spesa, yaani kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo, na kama hela haitoshi chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa, Cape Town walilipima hili kwa watoto waliobanwa na majibu yakatoka 1999, chupa ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Unatoboa kitako saizi ya mdomo wa inhela ikae imebana, mtoto anapumulia kwenye mdomo wa chupa mara tano sita. Ioshe kwa sabuni ya maji ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa, dawa itanata kwenye plastiki. Njoo tukutobolee.

Wazee walioambiwa ni ugonjwa sugu wa mapafu, wengi wamevuta sigara, au wamepikia kuni na mkaa miaka mingi, au waliwahi kuugua TB. Hapo mapafu hayarudi kama zamani ila dawa ya kila siku inapunguza kuhema na kulazwa. Na baba, kama bado unavuta sigara, hakuna kitu kwenye shelfu zetu kitakachokusaidia kuliko kuacha.

Halafu ukija kununua dawa ya maumivu au ya presha sema una pumu, maana diclofenac na aspirini zinawabana baadhi ya watu, na propranolol ndio usiguse bila daktari kujua.

Kukuangalia unavyovuta ni bure, dakika kumi, lete inhela zako zote hata zilizoisha. Lakini ukifika hali ya kushindwa kumaliza sentensi moja bila kuhema, au midomo inageuka rangi, usije kwetu, chukua boda au bajaji nenda hospitali moja kwa moja, ile ya bluu mkononi ukiendelea kuvuta njiani.