Anajua mzingo, ameulizwa "perimeter": kumwandaa mtoto kwa usaili wa kidato cha kwanza

Mwaka juzi mama mmoja alimleta kijana wake kwenye kituo chetu cha kuandaa watoto kwa usaili hapa Kihonda, Morogoro. Wiki moja kabla, kijana alikuwa ameshindwa usaili wa shule ya bweni ambayo mama alishaanza kuichangia ada kupitia kikoba chake. Kijana alikaa kimya, mikono katikati ya magoti. Nikampa chaki, nikamwomba aandike swali lolote analolikumbuka. Aliliandika vizuri, kwa Kiingereza: uwanja wa mstatili una urefu wa mita 25 na upana wa mita 18, tafuta "perimeter". Alikuwa amezidisha, akapata 450.

Nikafuta neno moja tu, nikaandika "mzingo" mahali pake. Sikuwa nimeweka chaki chini.

"Themanini na sita, mwalimu."

Mama yake alishika kichwa. Nilimwambia, "Mama, huyu mtoto hesabu anazijua, ila aliulizwa kwa jina geni."

Naanza na kisa hiki kwa sababu wazazi wengi hutupigia simu wakiomba tumfundishe mtoto hesabu upya, wakidhani ndizo zilizomwangusha. Mara nyingi sivyo. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya kawaida ya serikali amefundishwa kila kitu kwa Kiswahili isipokuwa somo lenyewe la Kiingereza, na mtihani wake wa darasa la saba ni hivyo hivyo. Akichaguliwa kwenda sekondari ya serikali, haitwi kwenye usaili. Anapangiwa shule kwa matokeo yake, kisha anapewa muda wa kuzoea lugha mpya akiwa darasani. Shule binafsi na seminari huwa na mchujo wao wenyewe, ule ambao mtaani tunauita intavyuu. Karatasi ya Hisabati na ya Kiingereza hazikosekani, baadhi huongeza Sayansi na maarifa ya jumla, na kwa kawaida yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wetu anatakiwa kuvuka mto huo asubuhi moja, dawati moja na mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea.

Kwa hiyo wiki mbili za kwanza kwetu hatufundishi hesabu mpya hata moja. Mtoto anakuja na madaftari yake ya darasa la sita na la saba, anafungua hesabu alizokwisha kuzipata, zenye alama ya vema, halafu anazifanya tena zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza. KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, inakuwa LCM. Namba tasa, wastani, kipenyo, sehemu, kila kimoja kinapata jina la pili. Mtoto huchangamka kwa sababu anagundua mwenyewe kwamba mzigo aliouogopa ni wa majina tu.

Majina ya maumbo huingia haraka. Kinachosumbua ni maneno madogo. Chukua swali hili: Asha ana machungwa 15, Juma ana 9, "how many more" anayo Asha? Mtoto akiona "more" anajumlisha, anaandika 24, kumbe walitaka 6. Tunayakusanya maneno ya namna hiyo na kuyarudia kila siku mpaka mtoto ayashtukie kabla ya kugusa kalamu.

Halafu kuna saa. Hili nalisema kwa kila mzazi kwa sababu limewaponza watoto wenye akili kabisa. Msaili anauliza kwa Kiingereza, huwa unaamka saa ngapi? Mtoto anayeamka saa kumi na moja alfajiri akachote maji kabla ya shule anajibu "eleven o'clock". Aliyeuliza anaandika kwamba huyu analala mpaka adhuhuri karibu iingie. Bidii yote ya mtoto yule imegeuka uvivu kwa neno moja, na hajui hata kama amekosea. Saa yetu huanza kuhesabu jua linapochomoza, yao huanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Tunatundika saa ya ukutani na kumfanya mtoto aitaje kwa lugha zote mbili kila anapoingia na kutoka.

Usaili wa mdomo ndio unaoniuma zaidi, maana pale mtoto anaweza kuhukumiwa kwa malezi mema. Tumemfundisha nyumbani asimkazie mkubwa macho, asipaze sauti mbele ya wazee, ajibu kwa ufupi. Anaingia chumbani mwa walimu watatu asiowajua, anainamisha kichwa, anajibu kwa sauti ya kunong'ona. Nyumbani ile ni adabu, lakini mle ndani inaweza kusomeka kama woga au kutojua. Hatumwondolei mtoto adabu yake. Tunamwonyesha kwamba kumtazama mtu usoni anapokuuliza, kisha kushusha macho kidogo unapofikiri, si utovu wa nidhamu pale alipo. Na salamu vilevile. Tumewahi kupata binti aliyesalimu "shikamoo", akajibiwa "good morning", akadhani ameharibu tangu mlangoni, na maswali yaliyofuata hakuyasikia. Salamu zote mbili ni njema. Ukijibiwa kwa lugha nyingine, ipokee na uendelee nayo.

Tatizo jingine ni wimbo. Watoto wetu wamezoea kusimama darasa zima na kuitikia kwa pamoja kwamba hawajambo, asante mwalimu. Akiwa peke yake, mdomo unatoa wimbo ule hata kama ameulizwa jina. Ndiyo sababu vikundi vyetu vya mazoezi havizidi watoto wanane, na kila mtoto hujibu peke yake kila siku, bila kuitikia kwa pamoja hata mara moja.

Naomba pia, kwa moyo wote, tuache kuwakaririsha watoto hotuba. Kuna wazazi wanaoandika karatasi nzima: jina langu ni fulani, ndoto yangu ni kuwa daktari nisaidie jamii. Mtoto anaimeza yote. Msaili anamkatiza kwenye sentensi ya pili, anauliza daktari wa nini, na kila kitu kinamwagika. Kwetu majibu huandaliwa kwanza kwa Kiswahili. Mtoto akiulizwa kwa nini anaitaka shule hii, na jibu lake kwa Kiswahili ni "baba amesema", hakuna Kiingereza kitakachomwokoa. Basi nyumbani someni naye fomu ya kujiunga, mwonyesheni picha za shule, mpelekeni akaione ikiwezekana. Akipata sababu yake mwenyewe, hata ikiwa ni kwamba dada yake alisoma pale akarudi anajua kutengeneza sabuni, ataisema kwa Kiingereza kibovu na ataeleweka. Walimu wanaosaili wamesikia udaktari mara nyingi mno. Sabuni ya dada wataikumbuka.

Shule za bweni hupenda kuuliza maswali ya kuishi na watu. Ukikuta mwenzako amevaa sare yako, utafanyaje? Ukiumwa usiku? Haya zungumzeni wakati wa kula, kwa lugha yenu, bila kumsahihisha mtoto kila neno. Mwombeni jirani au shangazi ambaye mtoto hajamzoea sana amuulize pia, maana kujibu mama ni jambo moja na kujibu mgeni ni jingine. Seminari za Kikatoliki huuliza sala, katekisimu na wito, na huwa zinataka barua ya paroko; seminari za Kiislamu nazo huangalia msingi wa dini. Hayo sisi hatufundishi. Nendeni kwa katekista au ustadhi mapema.

Siku yenyewe mtoto abebe kalamu mbili, penseli, rula na mkebe wa hesabu, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti na karatasi nyingine zitakazotajwa kwenye fomu. Anywe chai. Na mzazi akiruhusiwa kuingia chumbani, tafadhali asimjibie mtoto.

Kuhusu muda: mtihani wa taifa hufanyika Septemba, na shule nyingi huanza usaili wiki chache baadaye, nyingine hata kabla ya hapo. Anayesubiri matokeo yatoke ndipo anunue fomu hukuta shule yenye ushindani imeshajaza sehemu kubwa ya nafasi. Wenye watoto walio kwenye mtaala mpya, ambao shule ya msingi inaishia darasa la sita, waweke pia mwaka 2027 akilini, kwa sababu darasa la sita la mtaala huo litamaliza pamoja na darasa la saba la mwisho, na wote watatafuta kidato cha kwanza Januari 2028.

Kozi yetu ni ya wiki sita, Jumatatu hadi Ijumaa, asubuhi mpaka saa saba mchana. Kabla ya kupokea shilingi ya mtu tunakaa na mtoto nusu saa bure, anasoma, anafanya hesabu tano, tunazungumza. Kama hawezi kusoma aya moja ya kitabu cha Kiingereza cha darasa la nne, tunamwambia mzazi waziwazi kwamba wiki sita hazitatosha kwa shule yenye mchujo mkali, na tunamshauri achague shule inayoanza kidato cha kwanza kwa kozi ndefu ya lugha. Wapo waliokasirika wakaondoka. Bora hivyo kuliko kuchukua pesa ya mtu tukijua mtoto anakwenda kuumizwa. Nafasi hatuuzi, karatasi za usaili hatuna, na anayekuja kwenu akidai anazo msimpe hela.

Yule kijana wa mita 25 kwa 18 alikaa nasi wiki nne. Alifanya usaili wa shule nyingine mwezi Desemba, na sasa yuko kidato cha pili.

Darasa la mwaka huu linaanza Jumatatu inayofuata mtihani wa taifa. Mtoto aje na yale madaftari ya darasa la sita na la saba, hata kama jalada limeshatoka. Msiyafungie vitumbua.